Siku 84 na Miaka Iliyofuata

Mwaka 2008 tuliajiriwa siku moja, mimi na mwenzangu mmoja wa kiume tuliyehitimu naye chuo, katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu jijini Dar es Salaam. Mikataba yetu ilifanana neno kwa neno, mshahara ulifanana hadi shilingi ya mwisho, na hata meza tulizopewa zilitazamana. Nilipoondoka katika kampuni hiyo mwaka 2015, yeye alikuwa meneja na mimi nilikuwa bado mkaguzi mwandamizi, na pengo baina ya mishahara yetu, ambalo nililijua kwa sababu alinitajia mwenyewe kwa nia njema alipokuwa akinisihi nisiondoke, lilikuwa zaidi ya theluthi ya mshahara wangu. Katika miaka hiyo saba nilijifungua mara mbili. Yeye naye alipata watoto wawili katika kipindi hichohicho.

Hakuna kikao kilichokaa kuamua kwamba nilipwe kidogo, na kama kingekaa ningeona ni rahisi zaidi kukasirika. Nimeishi na hesabu maisha yangu yote ya kazi, na kilichonishughulisha kwa muda mrefu ni swali la mhasibu: siku 84 zinawezaje kuzaa theluthi?

Siku 84 ndizo zilizowekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwa mama aliyejifungua mtoto mmoja, na zinafika 100 akijifungua zaidi ya mmoja kwa mpigo. Likizo hiyo hulipwa mshahara kamili, mara moja katika mzunguko wa miezi 36, na mwajiri halazimiki kuitoa zaidi ya mara nne kwa mwajiriwa mmoja. Baba hupewa siku tatu, nazo lazima zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mimi nilichukua likizo mbili, jumla siku 168, yaani chini ya miezi sita katika miaka saba, na kila mwisho wa mwezi mshahara uliingia kama kawaida. Kwa mtu anayeisoma sheria peke yake, sikupoteza hata senti.

Nilichopoteza kinaonekana ukiijua kalenda ya wakaguzi. Kampuni nyingi hufunga hesabu zake tarehe 31 Desemba, kwa hiyo kazi nzito ya ukaguzi hurundikana kuanzia Januari, kipindi ambacho sisi tulikiita msimu tu, kama wakulima. Nilianza likizo yangu ya kwanza wiki ya kwanza ya Januari 2012 na nikarudi mwishoni mwa Machi, wakati ripoti kubwa, hasa za mabenki, zilikuwa zimekwisha kutiwa saini. Tathmini ya utendaji ilifanyika Juni, na iliegemea saa ambazo kila mmoja alikuwa amezifanyia kazi za wateja. Mstari wangu ulikuwa mwembamba. Msimamizi wangu, mtu mstaarabu aliyekuwa amenitumia kanga na mkeka wa mtoto, aliandika kwamba sikuwa na kazi za kutosha za kutathminiwa, na kwa kuwa sikutathminiwa, sikupata nyongeza. Sheria ilinipa siku 84. Kalenda ya ofisi ilizihesabu kuwa mwaka.

Nyongeza moja iliyorukwa huonekana jambo dogo, na watu wengi niliowaeleza waliniambia hivyo. Chukua mfano wa watu wawili wanaolipwa shilingi 1,000,000 kila mmoja kwa mwezi na kuongezwa asilimia 7 kila mwaka, kisha mmoja wao arukwe mwaka mmoja tu na baada ya hapo aongezwe sawasawa na mwenzake bila upungufu wowote. Mwaka aliorukwa wanapishana shilingi 70,000 kama ndio wa kwanza. Baada ya miaka kumi mmoja analipwa takribani 1,967,000 na mwingine takribani 1,838,000, kwa hiyo wanapishana karibu 129,000 kila mwezi, na pengo hilo linaendelea kukua ingawa aliyerukwa hajakosea lolote tangu hapo. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, nayo, ambayo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, inakatwa kutoka kwenye mshahara huo mdogo zaidi, na hivyo nyongeza moja iliyorukwa inamfuata mtu hadi uzeeni.

Hata hivyo nyongeza haikuwa sehemu kubwa ya theluthi yangu. Sehemu kubwa ilikuja kwa upole. Niliporudi kazini niliambiwa, "Umetoka kujifungua, tusikusumbue na safari za mikoani," na nikashukuru kwa dhati, kwa sababu nilikuwa nanyonyesha na usiku nilikuwa silali. Nikapangiwa wateja wa mjini, wadogo, ambao mtu angeweza kuwamaliza na kufika nyumbani kabla ya giza. Mwenzangu akaenda Geita na Shinyanga kukagua hesabu za migodi. Alikaa huko wiki sita kila msimu, akalala ofisini, akazijua hesabu ambazo mjini hatukuzigusa, na wenye migodi wakamjua kwa jina. Nafasi ya umeneja ilipotokea hapakuwa na sababu yoyote ya upendeleo katika kumchagua: yeye alikuwa anaijua kazi ile na mimi sikuwa naijua. Mtoto wangu alipofikisha miaka miwili nilisema sasa naweza kusafiri. Orodha ya wateja wa mikoani ilikuwa imekwisha kujaa, na mwaka huohuo nilikuwa mjamzito tena.

Miaka mingi baadaye, Claudia Goldin alipopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, nilisoma kazi yake kama mtu anayesoma faili lake mwenyewe. Yeye na wenzake, Marianne Bertrand na Lawrence Katz, waliwafuatilia wahitimu wa shahada ya uzamili ya biashara wa Chuo Kikuu cha Chicago waliomaliza kati ya 1990 na 2006. Wanaume na wanawake walianza kazi wakiwa na mishahara inayokaribiana, kisha wakaachana kadiri miaka ilivyokwenda, na sehemu kubwa ya kuachana huko ilielezwa na mambo matatu: masomo waliyochukua na alama zao, muda waliokaa nje ya kazi, na saa walizofanya kazi kwa wiki. Mawili ya mwisho yalihusiana sana na watoto. Hoja ya Goldin ninayoiona nzito zaidi ni kwamba zipo kazi ambazo hazilipi saa kwa bei moja. Saa ya sitini ya wiki hulipwa ghali kuliko ya thelathini, na anayeweza kuitwa usiku au Jumapili hulipwa zaidi ya anayetoa saa zilezile kwa ratiba yake mwenyewe. Katika nyumba yenye mtoto, ni vigumu watu wawili kuwa wa kuitwa usiku, hivyo mmoja huchukua kazi inayolipa kwa kuitwa na mwingine hubaki kuwa wa kuitwa na mtoto.

Denmark inafaa kutazamwa kwa sababu ni nchi ambayo huwezi kusema haina vituo vya watoto wala likizo. Henrik Kleven, Camille Landais na Jakob Søgaard walichambua kumbukumbu za nchi hiyo za mwaka 1980 hadi 2013 na kuchora mistari miwili ya mapato, wa wanaume na wa wanawake, kuanzia miaka kadhaa kabla ya mtoto wa kwanza. Mistari inakwenda sambamba hadi mwaka wa kuzaliwa mtoto. Hapo wa wanawake unaporomoka na haurudi, na kwa muda mrefu unabaki chini kwa takribani asilimia 20, huku wa wanaume ukiendelea kana kwamba nyumbani hakujatokea kitu. Upungufu huo unatoka sehemu tatu ambazo ukubwa wake unakaribiana: wanaoacha kazi, wanaopunguza saa, na wanaolipwa kidogo kwa kila saa. Wanawake hao pia huhamia zaidi sekta ya umma baada ya kupata watoto, na nafasi yao ya kuwa mameneja hushuka. Watafiti haohao waliwatazama pia wazazi waliopata watoto kwa kuasili, ambao hakuna mama aliyebeba mimba wala kujifungua, na kwa muda mrefu pengo lilikuwa karibu lilelile. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, ingawa sidhani kama walifikiria kuipima kwa kumbukumbu za kodi.

Kuna upande mwingine wa hesabu hii ambao huzungumzwa kwa nadra. Mwenzangu alipopata mtoto wa kwanza, ofisi ilimpongeza na kusema sasa ametulia. Neno hilo nimelisikia mara nyingi katika vikao vya kupandisha watu vyeo: ameoa, ana familia, ametulia, hawezi kutukimbia. Kwa mwanamke maneno yanakuwa mengine, tena yanasemwa kwa sauti ya huruma: ana watoto wadogo. Watu wawili wana mtoto wa umri mmoja, na mtoto huyo anaandikwa kwa mmoja upande wa mali na kwa mwingine upande wa madeni. Shelley Correll, Stephen Benard na In Paik walilipima jambo hili nchini Marekani katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Walitunga maombi ya kazi yaliyolingana kwa sifa na kutofautisha tu kama mwombaji ni mzazi au la. Mama alionekana ana uwezo na moyo wa kazi mdogo kuliko mwanamke asiye na mtoto, akapendekezewa mshahara wa kuanzia ulio mdogo zaidi. Baba hakuadhibiwa, na katika baadhi ya vipimo alionekana bora zaidi.

Ndiyo maana siafiki maelezo mepesi kwamba mshahara hushuka kwa sababu ujuzi huchakaa mtu anapokaa nyumbani. Ujuzi unachakaa, sikatai. Viwango vya uandaaji wa hesabu hubadilika, na mtu aliyekaa nje miaka mitano ana mengi ya kusoma. Lakini ujuzi wa mkaguzi hauchakai kwa siku 84, la sivyo wote wanaokwenda masomoni wangerudi wajinga. Na Sweden ilitoa ushahidi ambao bado unanishangaza. Nchi hiyo iliibadilisha likizo ya uzazi kuwa likizo ya wazazi wote wawili mwaka 1974, ikamtengea kila mzazi mwezi wake mwaka 1995, na tangu 2016 kati ya siku 480 za mtoto mmoja kila mzazi ametengewa siku 90 ambazo hawezi kumpa mwenzake. Mwaka 1999 wachumi wanne, James Albrecht, Per-Anders Edin, Marianne Sundström na Susan Vroman, walichapisha uchambuzi wa mapengo ya kazi nchini humo kwa kuyatenganisha kwa aina, na wakakuta kwamba likizo ya malezi iliambatana na mshahara mdogo zaidi kwa wanaume kuliko kwa wanawake. Kama ingekuwa ujuzi unachakaa, ungechakaa sawasawa kwa wote. Tafsiri yao ni kwamba karibu wanawake wote walichukua likizo hiyo, kwa hiyo kuichukua hakukumwambia mwajiri chochote kipya kuhusu mwanamke huyu au yule. Mwanamume aliyeichukua kwa muda mrefu alikuwa mmoja kati ya wachache, na mwajiri akasoma hapo kwamba huyu moyo wake hauko kazini.

Mdogo wangu wa kiume hajapata kuusoma utafiti huo, lakini anaufahamu. Mke wake alipojifungua kwa upasuaji, alizitumia siku zake tatu hospitalini, kisha akaomba siku 28 za likizo yake ya mwaka, ambazo ni haki yake na ambazo wenzake huzichukua kwenda kwenye harusi na mazishi bila kuulizwa. Mkuu wake wa idara alimtazama akamwuliza, "Kwani wewe ndiye uliyejifungua?" Alipewa siku 14. Tangu hapo hajaomba tena likizo kwa sababu inayohusiana na mtoto. Siku za kliniki husema ana gari gereji. Najua ni jambo la kuchekesha, nasi tulicheka sana alipotusimulia, lakini ukilitafakari utaona kwamba mke wake, ambaye ni mfamasia, ndiye anayelipia uongo huo, kwa sababu kila siku ambayo mume hawezi kuomba lazima aiombe yeye.

Nchini Kenya baba alipewa wiki mbili za malipo kamili na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, sheria ileile iliyomrudishia mama haki ya likizo yake ya mwaka. Kabla yake, mama wa Kenya alipata miezi miwili ya uzazi na kwa kuichukua akapoteza likizo ya mwaka huo. Wiki mbili si nyingi, ila mtu anayeomba wiki mbili zilizoandikwa kisheria hahitaji gari gereji.

Sasa niseme juu ya kuchagua, maana hapa ndipo huwa natofautiana na marafiki zangu. Mwaka 2015, nikiwa na mtoto wa miaka mitatu na mwingine wa miezi kumi, niliomba kazi ya uhasibu katika taasisi ya umma nikaipata. Mshahara wa msingi ulikuwa mdogo kuliko niliouacha. Niliichagua kwa sababu nilijua saa ya kutoka, na kwa sababu serikalini mshahara hufuata daraja, na daraja limeandikwa. Mtu hawezi kukushushia kwa kuwa mstari wako wa saa ni mwembamba. Hakuna aliyenishika mkono nikatia saini. Lakini naona tabu kuuita uamuzi ule chaguo langu tupu, kwa sababu mlango mwingine ulikuwa umefungwa taratibu kwa miaka mitatu, na nilichochagua ni kutoendelea kuusukuma.

Tena hata serikalini nilikuta kwamba daraja si kipato. Yeyote aliyefanya kazi huko anajua kuwa maisha huendeshwa na posho ya kujikimu, ile inayolipwa mtu akisafiri kikazi, na safari moja ya siku kumi Dodoma au Mwanza inaweza kubeba ada ya mtoto ya muhula. Nani anasafiri? Sheria inampa anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kwa siku kumnyonyesha mtoto wake, na ni sheria nzuri, lakini saa mbili hizo haziwezi kutumika akiwa Mwanza na mtoto akiwa Mbagala. Hivyo watu wawili wa daraja moja, ambao jedwali la mishahara linaonyesha wako sawa kabisa, wanakwenda nyumbani na vipato tofauti, na tofauti hiyo haiandikwi popote kwa jina la uzazi.

Katika uchumi ipo hoja ya zamani, iliyoendelezwa na Solomon Polachek mwaka 1981, kwamba wanawake wanaotarajia kukatisha kazi kwa ajili ya familia huchagua tangu mwanzo kazi ambazo ujuzi wake haunyauki haraka, na ndiyo sababu wanajazana katika ualimu na uuguzi. Paula England aliipima hoja hiyo mwaka 1982 na hakukuta kwamba wanawake walio katika kazi za kike hupoteza kidogo zaidi wanapokatisha kazi. Mimi nadhani Polachek alikuwa amekaribia ukweli kwa kuona kwamba wanawake huchagua mapema, na alikosea kudhani kwamba malipo yao ni ujuzi usionyauka. Wanachotafuta ni ratiba.

Nililiona hilo mwaka jana nilipokwenda Morogoro kwa dada yangu, mwalimu wa sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, na fomu ya kuomba chuo ilikuwa wazi kwenye simu. Yeye alitaka uhandisi wa ujenzi. Mama yake alitaka ualimu wa hisabati. Hawakugombana, walizungumza mbele yangu kana kwamba wanapanga safari.

"Mwanangu, mhandisi analala kambini. Mwalimu saa tisa yuko nyumbani, na shule zikifungwa anafunga na watoto wake."

"Watoto gani, mama?"

Dada hakujibu, akanigeukia mimi. Msichana ana miaka 19, hana mchumba, na tayari katika nyumba ile alikuwepo mtoto anayepangiwa saa za kutoka kazini. Kaka yake alipojaza fomu miaka mitatu iliyopita, namkumbuka vizuri, hakuna aliyeuliza mhandisi analala wapi. Tunapopima athari za likizo ya uzazi kwa kuanzia siku mtoto anapozaliwa, kama wanavyofanya watafiti kwa sababu za msingi kabisa, tunaiacha nje mishahara yote ambayo wasichana hawakuiomba kwa ajili ya likizo ambazo hawajazichukua.

"Mama mdogo, wewe unasemaje?" aliniuliza. Nilimweleza habari za wafamasia. Goldin na Katz walionyesha kwamba nchini Marekani ufamasia ulikuwa zamani kazi ya mwenye duka anayepaswa kuwepo saa zote, kisha dawa zikawa za viwango maalumu, kumbukumbu za wagonjwa zikaingia kwenye kompyuta, minyororo ya maduka ikachukua nafasi ya maduka ya mtu mmoja, na mfamasia mmoja akaweza kushika nafasi ya mwingine bila mteja kudhurika. Anayefanya saa chache akawa halipwi kwa saa chini sana ya anayefanya saa nyingi. Wauguzi wetu wanaujua utaratibu huo kwa jina la zamu: anayeingia anasoma faili, anayetoka anakwenda nyumbani. Nilichotaka kumwambia ni kwamba kazi haizaliwi na ratiba yake. Ratiba hupangwa na watu, na hata ukaguzi wa migodi ungeweza kufanywa na watu wawili wanaopokezana wiki tatu tatu, kama kampuni ingeona faida ya kuwapokezanisha. Dada yangu alisema hayo ni ya Marekani.

Siwezi kuandika juu ya kurudi kwangu kazini bila kumtaja aliyeniwezesha. Mimi nilirudi baada ya siku 84 kwa sababu nyumbani alibaki binti wa miaka 20 kutoka Iringa, dada wa kazi, ambaye mshahara wake ulitoka ndani ya mshahara wangu na kwa hiyo haukuweza kuwa mkubwa. Alikaa nasi miaka minne. Alipopata mimba yake mwenyewe, alirudi kwao. Yeye pia ni mwajiriwa mbele ya sheria ileile ya 2004, na siku 84 zilikuwa zake kama zilivyokuwa zangu, lakini hakuziomba nami sikumtajia; nilimpa nauli, vitenge na fedha za kuanzia, nikajiona mkarimu. Kwa hiyo ninapolalamika juu ya mstari wangu mwembamba wa saa, najua kwamba pengo la kazi yangu lilipunguzwa kwa kulihamishia kwa mtu mwingine ambaye lake hakuna aliyelihesabu.

Wanaoishi bila uwezo wa kuajiri mtu wana hali nyingine. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, watafiti waliwapa baadhi ya akina mama vocha za kulipia vituo vya kulelea watoto mchana, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliopewa walikuwa na nafasi ya kuwa kazini iliyozidi ya wenzao kwa pointi 8.5 za asilimia. Kwa akina mama wasio na mume ajira haikuongezeka, kwa sababu wengi wao hawakuwa na njia isipokuwa kufanya kazi hata bila kituo. Wao walihamia kazi zenye saa za kueleweka bila kipato chao kupungua.

Na kuna mapengo ambayo hayana mtoto ndani yake. Mama yetu alipopatwa na kiharusi mwaka 2018, tulikuwa ndugu watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Kaka zetu walituma fedha kila mwezi bila kukosa. Aliyeacha kazi ya ukarani wa benki na kuhamia Tanga kumuuguza alikuwa mdogo wetu wa kike, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hajaolewa na mshahara wake ndio uliokuwa mdogo. Sheria ya 2004 inatoa siku nne za malipo mtoto wa mwajiriwa akiugua au akifariki, na mzazi akifariki. Ugonjwa wa mzazi haumo katika orodha hiyo. Alimuuguza mama miaka miwili. Baada ya arobaini alianza kutuma maombi ya kazi, na katika usaili wa kwanza aliulizwa miaka hiyo miwili alikuwa wapi. Alipoeleza, walimpa pole. Kazi alipewa mwingine. Leo anauza vitambaa Barabara ya Kumi na Mbili, na anasema ameridhika, ila hesabu za duka lake anazifunga kila jioni kwa mpangilio wa benki.

Yapo mambo ambayo yangebadilika kwa kalamu ya mtunga sheria. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, mbili zaidi ya zetu, na unasisitiza malipo yatoke katika bima ya jamii au mfuko wa umma ili mwajiri mmojammoja asiwe mlipaji. Mwajiri mdogo mwenye wafanyakazi sita anayejua kwamba mshahara wa miezi mitatu utatoka mfukoni mwake atauliza katika usaili maswali asiyopaswa kuuliza, au hatauliza na atajijibu mwenyewe. Siku za baba nazo, zikibaki tatu, zitaendelea kuwaambia wakuu wa idara kwamba mtoto ni wa mama.

Mengine yamo mikononi mwa watu kama mimi, ambao sasa ndio wanaojaza tathmini. Mwaka huu katika kitengo changu mwanamke mmoja alichukua siku zake 84 na mwanamume mmoja akachukua siku tatu na likizo yake yote ya mwaka, nami nilizitia saini zote mbili bila kuuliza nani alijifungua. Juni ilipofika, niliwapima wote kwa miezi waliyokuwepo kazini, kazi kugawanya kwa miezi na si kwa mwaka, nikaeleza hivyo katika nafasi ya maoni ya msimamizi. Msaidizi wangu aliniuliza kama utaratibu unaruhusu. Tuliutafuta pamoja jioni nzima, na hatukukuta mahali unapokataza.